Pikipiki ya kwanza: je, nianze na ya cc 600?

Swali: Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amemaliza hivi karibuni mafunzo ya kuendesha pikipiki, akitumia pikipiki ya cc 125. Ana urefu wa sentimita 162, na anahitaji chombo cha kumpeleka kazini kila siku, kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, ambapo sehemu ya njia ni barabara kuu yenye magari yanayokimbia kilomita 100 kwa saa. Shemeji yake yuko tayari kumuuzia pikipiki ya aina ya mashindano ya cc 600 kwa bei ya kindugu, na marafiki wanamsihi aichukue ili asije akaichoka pikipiki ndogo baada ya miezi michache. Anauliza kama aikubali, na kama asiikubali, atafute ya namna gani.

Jibu: Ndugu msomaji, nakupongeza kwa kutanguliza mafunzo kabla ya ununuzi, maana wengi hufanya kinyume chake. Kwa ufupi, usiichukue hiyo ya cc 600, hata kwa bei ya kindugu. Tafuta pikipiki ya kukaa wima, yenye ujazo wa kati ya cc 250 na 400, uzito usiozidi kilo 180 hivi, kiti kisichopita milimita 790 kutoka ardhini, na breki za ABS, yaani zinazozuia gurudumu kukwama unapobana kwa nguvu. Nitaeleza sababu zake kwa kirefu, kwa kuwa ukishazielewa utaweza kuipima pikipiki yoyote utakayoonyeshwa, hata ambayo mimi sikuitaja.

Katika miezi ya mwanzo, akili ya mwendeshaji imejaa. Anafikiria klachi, anafikiria gia, anafikiria kona iliyo mbele, na papo hapo anatakiwa kusoma nia ya dereva wa gari linalotokea barabara ya pembeni. Makosa ya mikono na miguu yatatokea tu, kwa sababu viungo bado havijazoea kufanya kazi hizo bila kuamrishwa. Kwa hiyo sifa ya kwanza ninayoitafuta katika pikipiki ya kuanzia ni kwamba kosa dogo la mkono libaki kuwa dogo.

Chukua kosa moja ambalo nimeliona kwa wanafunzi mara nyingi. Mwendeshaji ameketi, gia ya kwanza imeingia, na anaachia klachi kwa haraka kuliko alivyokusudia. Pikipiki inaruka mbele, kiwiliwili kinabaki nyuma, mikono inanyooka. Sasa, kwa kuwa kiganja cha kulia kimeshika kishikio cha mafuta, kule kunyooka kwenyewe kunakizungusha kishikio kuja nyuma, na injini inapata mafuta zaidi wakati uleule ambapo mwenyewe anataka ipunguze. Anaingiwa na woga, anakaza vidole, na kadiri anavyovikaza ndivyo anavyoshindwa kukirudisha kishikio mbele. Kwenye pikipiki ya cc 125 mkasa huu kwa kawaida humalizika kwa mtikisiko na mita chache za kuyumba, kisha mwanafunzi anapumua na kuanza upya. Kwenye cc 600 ya mashindano, kosa hilohilo linaweza kunyanyua gurudumu la mbele au kumfikisha upande wa pili wa barabara kabla hajatambua kilichotokea. Dawa yake ni kushusha kiganja ili kifundo cha mkono kisiwe juu ya kishikio, na kuwa tayari kuibana klachi mara moja. Lakini dawa hiyo huingia mwilini kwa mazoezi, na mazoezi yanahitaji chombo kinachokuruhusu kukosea.

Hapa nisieleweke vibaya kwamba ujazo peke yake ndio hatari. Ujazo ni kipimo cha nafasi iliyomo ndani ya silinda, nao hausemi nguvu itatoka kiasi gani wala itatoka namna gani. Royal Enfield Classic 350 ina cc 349 na hutoa nguvu ya farasi takriban 20 tu, ilhali KTM 390 Duke ya matoleo ya kabla ya mwaka 2024, yenye cc 373, hutoa zaidi ya farasi 40. Ujazo ni karibu sawa, lakini nguvu imezidi maradufu, na pikipiki ya pili ni nyepesi kuliko ya kwanza. Pikipiki za mashindano za cc 600, mfano Yamaha YZF-R6 au Honda CBR600RR, zina silinda nne na hutoa zaidi ya farasi 100 kwa uzito usiofika kilo 200. Zaidi ya hapo, injini zake zimetengenezwa ili nguvu ije pale mizunguko ya injini kwa dakika inapopanda sana. Mizunguko ikiwa ya chini pikipiki huonekana mpole, hata mgeni akadhani ameshaizoea, halafu mizunguko inapopanda nguvu inakuja kwa kishindo asichokitarajia. Gia ya kwanza peke yake huvuka kilomita 100 kwa saa. Breki zake za mbele nazo zimeundwa kwa ajili ya mtu anayetoka mwendo wa juu mno, hivyo kubana kidogo tu kwa mkono wenye hofu kunaweza kutosha kumtupa chini.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimeiweka hoja hii katika sheria zao. Tangu Januari 2013, leseni ya ngazi ya kati, iitwayo A2, humruhusu mtu kuendesha pikipiki isiyozidi kilowati 35, yaani farasi 47 hivi, na isiyozidi kilowati 0.2 kwa kila kilo ya uzito wake. Angalia kwamba kanuni hiyo haitaji ujazo. Inapima nguvu, kisha inailinganisha na uzito. Hata kama unapoishi hakuna kanuni ya namna hiyo, kiwango chenyewe ni kizuri kwa mtu anayejichagulia, nami nakushauri ukifanye kuwa ukomo wako wa juu.

Je, utaichoka? Swali hili huulizwa na karibu kila mwanafunzi, na linastahili jibu la kweli. Inawezekana baada ya mwaka mmoja au miwili ukatamani kubwa zaidi, na hakuna ubaya wowote. Pikipiki ya ujazo wa kati iliyotunzwa vizuri hupata mnunuzi kwa urahisi, kwa sababu kila mwaka wapo wanaoanza kama wewe. Lakini ndani ya mwaka huo utakuwa umejifunza kuingia kona kwa mwendo sahihi, kubana breki kwa nguvu bila kuteleza, na kuipeleka pikipiki mpaka karibu na uwezo wake. Mwenye pikipiki yenye nguvu kupita kiasi huishi akiiogopa. Anatumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake, anaingia kona kwa wasiwasi, na kasi anaipata kwenye mstari ulionyooka, ambako ujuzi hauhitajiki sana.

Sasa tuje kwenye uzito na urefu wa kiti, mambo mawili ambayo kwa mtu wa kimo chako yana umuhimu kuliko nguvu ya injini. Pikipiki nyingi za wanaoanza huangushwa zikiwa zimesimama au zikienda kwa mwendo wa kutembea: mwendeshaji anageuza, anasimama ghafla usukani ukiwa umekatwa upande mmoja, mguu unatafuta ardhi na kukuta shimo au changarawe, na kilo zote zinalalia upande huo. Ikishapita pembe fulani, hakuna nguvu ya paja itakayoirudisha. Pikipiki za cc 125 huwa na uzito wa kilo 110 hadi 140 hivi, na zile za cc 300 hadi 400 nyingi huwa kati ya kilo 150 na 180. Yamaha MT-03 na Kawasaki Ninja 400, kwa mfano, zote zina uzito unaokaribia kilo 170, na viti vyake viko kwenye milimita 780 na 785.

Hata hivyo, namba ya urefu wa kiti isikudanganye. Kiti kipana huitenganisha miguu na kuiibia sentimita kadhaa, na shokomzoba laini hushuka ukishakaa, kwa hiyo pikipiki mbili zenye namba moja zinaweza kukupa hisia tofauti kabisa. Nenda ukaikalie ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea, uinyanyue kutoka kwenye stendi ya pembeni, uisimamishe wima. Ukiweza kukanyaga kwa unyayo mzima wa mguu mmoja huku mwingine ukiwa juu ya kikanyagio cha breki, au kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili, inatosha. Si lazima visigino vyote viguse chini. Kisha shuka, na injini ikiwa imezimwa, isukume kwa mikono ukichora umbo la namba nane mahali tambarare. Nalipenda jaribio hili kuliko maelezo yoyote ya muuzaji. Kama unahangaika kuisukuma ukiwa umetulia na hakuna anayekupigia honi, utahangaika zaidi kwenye mteremko wa maegesho wakati mvua inanyesha. Tafadhali usikubali kununua pikipiki ndefu kwa ahadi kwamba fundi ataishusha. Kufupisha shokomzoba hupunguza nafasi ya chini inayohitajika kwenye kona na matuta, hubadilisha tabia ya usukani, na stendi ya pembeni huwa ndefu kupita kiasi hata pikipiki ikasimama karibu wima na kuwa tayari kuanguka upande wa pili.

Kuhusu umbo, nitapita haraka. Pikipiki ya aina ya mashindano inakuinamisha, na kwa safari ya kila siku yenye foleni uzito wa kifua chako utalala kwenye viganja. Ile ya njia mbovu ina kiti kirefu mno kwa wengi wenye kimo chako. Ile ya kukaa chini miguu ikiwa mbele ni rahisi kuifikia ardhi, na Honda Rebel 500, yenye kiti cha milimita 690 na farasi 46, ni mojawapo ambayo sitakukataza, ingawa inapita kidogo uzito na ujazo niliokutajia. Skuta isiyo na klachi inafaa sana kwa anayetaka kufika tu, ila kama unakusudia kuja kuendesha pikipiki za gia ni heri ujifunze klachi sasa, wakati mafunzo bado yako mkononi. Kwa njia yako, ya kukaa wima yenye usukani mpana ndiyo inayokufaa: unaona mbali juu ya magari, unageuza kwa urahisi, na ikianguka haina makava mengi ya plastiki ya kupasuka.

Huenda ukauliza kwa nini nisikuache na cc 125 uliyoizoea. Ingekuwa njia yako yote ni mitaa ya mjini, ningekuacha nayo kwa moyo mweupe, kwani ni pikipiki nyepesi, haili mafuta, na hufundisha vizuri. Lakini pikipiki nyingi za ujazo huo hufikia ukomo wake karibu na kilomita 100 kwa saa, tena kwenye tambarare isiyo na upepo. Ukiwa barabara kuu utakuwa umevuta mafuta mpaka mwisho wakati magari ya nyuma yanataka kukupita, na ukihitaji kuongeza mwendo ili ujiondoe mahali pabaya, hakutakuwa na cha kuongeza. Vilevile zipo nchi ambazo haziruhusu ujazo mdogo kwenye barabara za mwendo kasi, kwa hiyo angalia sheria ya kwenu kabla hujalipa. Pikipiki ya cc 300 hukimbia kilomita 100 bila kulalamika na bado ina akiba.

Breki ndilo jambo ambalo ningekubali uongeze fedha kwa ajili yake. Mwaka 1981, nchini Marekani, ulitolewa uchunguzi ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliofuatilia kwa kina ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Ulionyesha kwamba katika ajali nyingi zinazohusisha gari na pikipiki, mwenye gari ndiye aliyeingilia njia ya mwenye pikipiki, kwa kawaida kwa sababu hakumwona. Kwamba mwendeshaji huwa na muda usiofika sekunde mbili wa kujiokoa. Na kwamba wengi walikosea kwa kubana mno breki ya nyuma mpaka gurudumu likakwama na kuteleza, huku ile ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, wakiitumia kidogo. Ulionyesha pia kwamba asilimia 92 ya waliopata ajali walijifunza wenyewe au kufundishwa na ndugu na marafiki. Miaka mingi imepita na magari yamebadilika, lakini woga wa binadamu ndani ya sekunde mbili haujabadilika.

ABS hupima mwendo wa kila gurudumu na kulegeza breki kwa muda mfupi sana linapokaribia kukwama, kisha huibana tena, na hurudia hivyo mara nyingi ndani ya sekunde moja. Maana yake kwako ni kwamba unaweza kuibana breki ya mbele kwa nguvu zote siku ya hatari bila gurudumu kukwama na kukuangusha. Umoja wa Ulaya uliifanya kuwa lazima kwa aina mpya za pikipiki zinazozidi cc 125 kuanzia mwaka 2016. Izingatie mipaka yake, lakini: ABS ya kawaida husaidia pikipiki ikiwa wima, na haikuhakikishii usalama ukibana kwa ghafla katikati ya kona pikipiki ikiwa imelalia upande. Ukipata pikipiki mbili zinazokupendeza sawasawa, moja ina ABS na nyingine ni mpya zaidi lakini haina, chukua yenye ABS.

Mpya au iliyotumika? Mimi huwashauri wanaoanza wachukue iliyotumika, ya miaka michache, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa utaiangusha japo mara moja ikiwa imesimama, na kwaruzo lako la kwanza huumiza kidogo likitanguliwa na mengine ya mwenye zamani. Lakini iliyotumika inataka jicho la makini, na kama huna jicho hilo, nenda na fundi bila kumfahamisha muuzaji mapema. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika, iguse injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, ameipasha, na huenda ana sababu, kwa kuwa injini iliyochoka huonyesha ugonjwa wake inapowashwa ikiwa baridi. Iwashe mwenyewe, utazame bomba la moshi. Moshi wa buluu unaodumu maana yake oili inaungua ndani ya silinda. Mvuke mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni wa kawaida, ila usipoisha baada ya injini kupata moto, kwenye pikipiki yenye rejeta, huenda maji yanaingia mahali pasipotakiwa.

Kisha chuchumaa. Pitisha kidole kwenye mirija ya shokomzoba za mbele. Ukikuta utando wa oili, sili zimekwisha, na oili hiyo ikishuka kwenye pedi za breki ni hatari. Shika cheni pale inapozunguka sproketi ya nyuma na uivute kuja kwako. Ikiachana na meno kwa nafasi kubwa, au meno yenyewe yamepinda na kuchongoka, hesabu gharama ya seti nzima. Nyanyua gurudumu la mbele kwa msaada wa mtu na uzungushe usukani polepole kutoka upande hadi upande: ukihisi unanasa pale katikati, beringi za shingo zimeliwa. Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho za alama inayoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini la miaka mingi limekauka na kushika kwake barabara kumepungua. Tazama ncha za mikono ya breki na klachi na ncha za usukani, kwa kuwa huko ndiko anguko huacha alama. Mikwaruzo ya kulala mahali ilipoegeshwa isikutishe. Usukani uliopinda au rangi mpya kwenye fremu ikutishe. Mwisho, soma namba ya fremu kwa macho yako na uilinganishe na hati za usajili, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana hata kwa moja, ondoka.

Kabla ya kutoa fedha, muulize fundi atakayeihudumia, kwa kutaja modeli yenyewe, kama anapata pedi za breki, waya wa klachi, sproketi na tairi za saizi yake bila kusubiri wiki nyingi. Pikipiki bora isiyo na vipuri itakaa nyumbani, nawe utarudi kupanda basi.

Tenga pia fedha za mavazi kabla hujaamua utatumia kiasi gani kwenye pikipiki. Ukinunua pikipiki kwanza, kofia itanunuliwa kwa chenji. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za afya, mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Chagua inayofunika uso mzima na iliyothibitishwa kwa viwango vinavyotambulika, kama ECE 22.06, ambacho ni kiwango cha kimataifa cha kofia za pikipiki. Inapaswa kuyabana mashavu, na ukiishika kidevuni na kuizungusha, ngozi ya uso ifuate. Usinunue kofia iliyokwisha kutumika, kwa kuwa povu lake la ndani likishapigwa mara moja limemaliza kazi, na kwa nje huwezi kuona. Glovu, koti lenye vikinga vya viwiko na mabega, na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu vifuate mara moja, kwa kuwa mtu anayeanguka hutanguliza viganja.

Siku utakayoileta nyumbani, usiende nayo mbali. Keti juu yake injini ikiwa imezimwa na urekebishe mikono ya breki na klachi mpaka vidole viifikie bila wewe kubadilisha namna unavyoshika usukani. Nyingi zina kirungu kidogo cha kurekebishia umbali, ambacho wamiliki wengi hawajawahi kukigusa. Weka vioo ili uone njia iliyo nyuma yako na sehemu ndogo tu ya bega. Kisha tafuta eneo tupu, upige breki kwa nguvu kutoka kilomita 30 kwa saa, ukianza kwa kubana polepole na kuongeza, mpaka ABS itetemeke chini ya vidole na mguu, ili mtetemo huo usikushtue siku utakapoukuta barabarani. Rudia zoezi hilo kwa wiki kadhaa kabla hujaingia ile barabara kuu, na mara ya kwanza ingia asubuhi ya siku ya mapumziko, wakati magari ni machache.